Mjadala: Mizani Kabla ya Usukani?

Simyuleta za ndege zimetoka vyuoni na kuingia majumbani. Microsoft Flight Simulator ilianza mwaka 1982, ikatoka upya mwaka 2020, na toleo jingine likafuata mwaka 2024. X-Plane ina wapenzi wake, na FlightGear hupakuliwa bure na yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Katika zote kuna ukurasa ambao wengi huupita bila kuufungua: ukurasa wa uzito. Humo mchezaji hupanga mafuta tanki kwa tanki, abiria kiti kwa kiti, na mizigo buti kwa buti. Asipopanga, programu humpangia.

Mada yetu ni hii: mchezaji wa simyuleta asishike usukani kabla ya kupanga mwenyewe uzito wa ndege yake. Nimeipa mada hii sauti tatu zinazokinzana. Kapteni, mama anayerusha ndege ndogo za abiria kwenda mbugani, anaitetea. Kijana, ambaye simyuleta ndiyo burudani yake ya jioni na ambaye anatamani siku moja aingie chuo cha urubani, anaipinga. Mzee, aliyefanya kazi ya kupanga mizigo ya ndege hadi akastaafu, hakubaliani na yeyote kati yao. Mwenyekiti ndiye atakayetoa uamuzi.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Mada imeshasomwa. Kapteni, wewe ndiye mtetezi, tufungulie.

KAPTENI: Ahsante, Mwenyekiti. Naanza na ndege ambayo karibu kila mchezaji ameirusha, Cessna 172. Ina viti vinne, tanki moja katika kila bawa, na nafasi ya mabegi nyuma ya viti. Toleo lake la 172S haliruhusiwi kuruka likizidi kilo 1,157. Likiwa tupu lina karibu kilo 750. Zinabaki kilo 400 hivi, na hizo zigawanywe kwa watu, mabegi na mafuta. Sasa jaza matangi. Yanachukua lita 200 za petroli ya ndege inayoweza kutumika, na lita moja ni kilo 0.72. Hizo ni kilo 144. Kisha pakia watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja. Hizo ni kilo 320. Umeshavuka mpaka kwa zaidi ya kilo 60, na hakuna aliyebeba hata begi la mkononi.

Viti vinne havikuahidi watu wanne pamoja na matangi yaliyojaa. Anayewataka wanne apunguze mafuta hadi lita 110 hivi, ambazo kwa ndege hiyo ni kama saa tatu za kuruka ukihesabu na akiba. Anayetaka kwenda mbali ateremshe mtu. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa rubani, na unafanywa injini ikiwa bado imezimwa. Asiyeufanya kwenye simyuleta anajifunza urubani kuanzia sura ya pili.

MWENYEKITI: Kijana, jibu.

KIJANA: Shikamooni, wakubwa wangu.

KAPTENI: Marahaba, mwanangu.

MZEE: Marahaba.

KIJANA: Naiheshimu hesabu ya Kapteni, lakini mada inasema “asishike usukani”. Hilo ni katazo, na nalipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni muda. Ninarudi kutoka kazini jioni na nina saa moja. Nikitaka kujizoeza kutua penye upepo wa ubavuni, nataka niwe angani karibu na uwanja, nitue, nirudi, nitue tena. Programu imeshaniwekea uzito ulio ndani ya mipaka. Kuna ubaya gani nikiutumia?

Ya pili ni kwamba vyuo vyenyewe vinafanya hivyohivyo. Katika simyuleta kubwa za mashirika ya ndege, zile zinazosimama juu ya miguu inayosogea, mwalimu hukaa nyuma ya marubani na skrini yake. Humo huweka uzito na mafuta anayoyataka. Akitaka, hugandisha mafuta yasipungue hata injini zikinguruma. Wakikosea kutua, huirudisha ndege maili kadhaa kutoka uwanjani, wakarudia. Hakuna anayesema marubani wale wanadanganyana. Kama mwalimu wa shirika anaruhusiwa kuchezea namba, kwa nini mchezaji wa nyumbani akatazwe?

MWENYEKITI: Hoja nzito. Mzee, wewe umesema huungi mkono upande wowote.

MZEE: Naam. Nawasikiliza, na wote mnaongea kana kwamba uzito ni namba ya kuchagua. Kazini kwetu uzito hauchaguliwi, unapimwa. Abiria anayetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, kampuni nyingi humwambia asizidishe kilo 15, tena ziwe katika begi laini. Kilo hizo 15 zina mizani yake, na mizani ina mtu anayeisoma. Begi lina mahali pake ndani ya ndege, na kuna mtu anayelifunga lisitoke hapo. Kwenye simyuleta unasogeza kamstari kwa kipanya, na kilo hamsini zinaingia bila mtu kuinama.

Kwa hiyo, Kapteni, kumwambia kijana apange uzito kwenye skrini hakumfundishi uzito. Kunamfundisha kuamini skrini. Namba ya simyuleta haikosei kamwe: ikiandika kilo 300, ni kilo 300 kweli. Mzigo wa simyuleta haufichwi na haufunguki kamba. Duniani vyote viwili hutokea. Tarehe 29 Aprili 2013, Boeing 747-400 ya mizigo ya National Airlines iliruka kutoka Bagram, Afghanistan, ikiwa imebeba magari matano ya kijeshi yenye deraya. Haikuchukua muda, gari moja la nyuma lilifunguka, likateleza kuelekea mkiani, likavunja ukuta wa mwisho na kuharibu mitambo ya haidroli pamoja na ile inayoendesha bawa la mkia. Marubani hawakuwa na namna ya kuinamisha pua. Wafanyakazi wote saba walikufa. Uchunguzi uliangukia kwenye ufungaji wa mzigo. Nionyesheni simyuleta ya nyumbani yenye kamstari ka ufungaji.

KAPTENI: Sina, Mzee wangu, na nakubali kwamba mkono wa mfungaji haumo kwenye skrini. Lakini tusiseme kwamba namba haina kazi kwa sababu kamba nayo ina kazi. Namba peke yake imeshaangusha ndege.

Melbourne, Australia, 20 Machi 2009. Airbus A340-500 ya Emirates inajiandaa kwenda Dubai. Uzito wake wa kuruka ni tani 362.9. Katika kompyuta ya kukokotoa mwendo wa kuruka ikaingizwa 262.9. Tarakimu moja, tani 100. Kompyuta haikulalamika, ilipokea ilichopewa, ikatoa kasi na nguvu za injini zinazofaa ndege nyepesi. Ndege ikakimbia njia nzima, rubani akainua pua, mkia ukasugua lami, na magurudumu hayakunyanyuka kwa wakati. Nahodha akasukuma nguvu zote za injini, wakanyanyuka mwisho kabisa wa njia, wakagonga vifaa vilivyo mbele yake, wakapanda, wakamwaga mafuta na kurudi kutua. Hakuna aliyeumia.

Zaidi ya miaka minne kabla yake, 14 Oktoba 2004, Boeing 747-200 ya mizigo ya MK Airlines ilikuwa Halifax, Kanada. Wachunguzi waliona kuwa yaelekea hesabu za kuruka zilifanywa kwa uzito wa safari iliyotangulia, tani 240, ilhali ndege ilikuwa na tani 353. Wao hawakupata nafasi ya kurudi. Watu wote saba waliokuwamo walikufa.

Sasa mwanangu, unaposema “programu imeshaniwekea uzito”, ninasikia mtu aliyeachiwa namba ya safari ya mwingine.

KIJANA: Kapteni, mfano wa Melbourne unanisaidia mimi pia, na naomba niuchambue. Watu wengi wa nje wanadhani simyuleta ina uzito mmoja. Ina wa aina mbili. Kuna uzito halisi, ule ambao programu inautumia kukokotoa jinsi ndege inavyobebwa na hewa. Na kuna uzito ulioandikwa, ule unaouingiza mwenyewe kwenye kompyuta ya safari ndani ya chumba cha marubani. Chukua A320 ya simyuleta iliyotengenezwa na FlyByWire, ambayo hupatikana bure. Unapakia abiria na mafuta kwenye tableti iliyo pembeni ya rubani. Kisha unafungua kompyuta ya safari na kuandika uzito bila mafuta, mahali kilipo kitovu cha uzito, na mafuta yaliyopo. Hakuna anayekulazimisha vilingane. Andika tani 52 ilhali umepakia 62, na ndege itaondoka.

KAPTENI: Halafu?

KIJANA: Halafu itakulipa wakati wa kutua. Kasi ya kukaribia njia, ambayo kompyuta inakupa kutokana na uzito ulioandika, itakuwa ndogo kuliko inayohitajika. Unaiona pua imeinuka kuliko kawaida, unaona ndege inazama, unaongeza nguvu na hujui kwa nini inadai nguvu zote hizo. Nimefanya hivyo kwa makusudi ili nione. Hakuna kitabu kingenionyesha. Ndiyo maana nasema simyuleta ipewe uhuru. Kosa la tani kumi, ambalo duniani ni maiti, chumbani kwangu ni somo.

MZEE: Hapo umesema neno. Maisha yangu yote kazini sikupata ruhusa ya kuona ndege iliyopakiwa vibaya ikiruka. Tuliambiwa tu isitokee.

KAPTENI: Lakini sikiliza ulichokisema, Kijana. Ulijua halisi ni 62 na ulichoandika ni 52. Ulijuaje?

KIJANA: Nilipanga mwenyewe.

KAPTENI: Basi. Ungeachia programu ipange, usingekuwa na namba ya kulinganisha nayo. Kosa la makusudi huwezi kulifanya mpaka uwe na usahihi wa makusudi.

MWENYEKITI: Tusonge kwenye mafuta. Hapo nasikia ndipo wachezaji hugawanyika zaidi, maana ukurasa huo unakuruhusu kujaza tanki hata ukiwa angani.

KIJANA: Ndiyo, na sioni haya. Nimesafiri saa nne, ukungu umefunga uwanja, mafuta yanaisha. Nikiongeza kidogo, nimalize safari yangu, nani ameumia?

KAPTENI: Uwezo wako wa kufikiri ndio ulioumia. Mafuta ni muda, na muda ndio kitu pekee ambacho rubani hawezi kuagiza akiwa angani. Kanuni za kimataifa zinayagawa kabla ya kuondoka: mafuta ya safari yenyewe, nyongeza kwa yasiyotarajiwa, ya kwenda kiwanja mbadala, na akiba ya mwisho ambayo haiguswi kwa mipango, dakika 30 kwa jeti na 45 kwa injini za pistoni. Huo ukungu uliokukuta ulikuwa na jibu lake kwenye karatasi: uende kiwanja mbadala, kwa mafuta uliyoyapakia kwa ajili hiyo. Ulipoongeza kwa kipanya, ulifuta swali ambalo safari ilikuwa imekuuliza.

Wapenzi wa mpira hawajaisahau timu ya Chapecoense ya Brazil. Novemba 28, 2016, ndege ya LaMia iliondoka Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín, Kolombia, ikiwa na mafuta ya kufika tu, bila akiba inayotakiwa. Ilipoambiwa isubiri kwa sababu ndege nyingine ilikuwa na dharura, hakukuwa na cha kusubiria. Injini zilizima moja baada ya nyingine, ikaanguka mlimani. Watu 71 walikufa kati ya 77.

MZEE: Na sisi wa pwani ya huku tuna letu. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines ilitekwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji walitaka ipelekwe Australia. Nahodha aliwaeleza kwamba mafuta yaliyomo ni ya Nairobi pamoja na akiba. Hawakumwamini, kwa sababu jarida lililokuwa ndani ya ndege liliandika kwamba ndege ya aina ile inaweza kukaa angani saa 11. Jarida lilisema kweli, lakini kuhusu matangi yaliyojaa. Mafuta yaliisha karibu na Ngazija, Komoro. Nahodha Leul Abate aliitua baharini jirani na ufuo, bawa likagusa maji, ndege ikavunjika. Kati ya watu 175, walikufa 125. Yule anayedhani ndege ina masafa yake ya kudumu, bila kuuliza leo imepakiwa nini, anafikiri kama watekaji wale.

KIJANA: Nimenyamaza, Mzee. Kwa safari ya kutoka kiwanja hadi kiwanja, naondoa hoja yangu. Sitaongeza mafuta angani. Lakini zoezi la kutua naliacha palepale. Mwalimu wa shirika anagandisha mafuta, nami nitayagandisha.

KAPTENI: Hapo nami nakubali, kwa sharti moja. Mwalimu yule anapogandisha mafuta anajua amegandisha, na marubani wanajua. Hakuna anayetoka chumbani akidhani amemaliza safari. Zoezi liitwe zoezi.

Na niongeze jambo kwa wale wanaokimbilia upande wa pili, wanaojaza matangi yote kila siku wakidhani ndiyo usalama. A320neo huruhusiwa kuruka na hadi tani 79, lakini kutua mwisho wake ni tani 67.4, na haina mtambo wa kumwaga mafuta. Jaza hadi ukingoni, kisha injini ipate hitilafu dakika tano baada ya kuruka. Utazunguka muda mrefu kuyachoma, au utatua ukiwa umezidi uzito na ndege iende kukaguliwa. Mafuta yapimwe kwa safari iliyoko mbele yako.

MZEE: Mmetaja kilo na tani mara nyingi, na hakuna aliyetaja kipimo chenyewe. Kijana, simyuleta yako inaandika kilo au pauni?

KIJANA: Unachagua kwenye mipangilio. Ndege nyingine huja na pauni, nyingine kilo, na mafuta wakati mwingine ni galoni.

MZEE: Basi sikilizeni kisa cha Boeing 767 ya Air Canada, 23 Julai 1983. Kipimo cha mafuta ndani ya chumba cha marubani kilikuwa kibovu, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti tankini, kisha yakahesabiwa kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300. Tankini zilikutwa lita 7,682. Ili kujua ni kilo ngapi, walizidisha kwa 1.77, wakapata 13,597. Wakatoa, wakaona zimepungua kilo 8,703, wakagawa tena kwa 1.77, wakaagiza lita kama 4,900. Hesabu imenyooka, kuzidisha, kutoa na kugawa hakuna kosa. Lakini 1.77 ni pauni za lita moja. Kilo za lita moja ni 0.8 hivi. Zilizokuwamo tankini zilikuwa kilo 6,169 tu, na zilitakiwa kuongezwa zaidi ya lita 20,000. Ndege iliondoka na chini ya nusu ya mafuta yake.

Injini zote mbili zilizimika juu ya Kanada. Nahodha Bob Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini. Yeye na msaidizi wake Maurice Quintal waliiongoza ile 767 ikielea hewani hadi Gimli, kambi ya zamani ya jeshi la anga iliyokuwa imegeuzwa uwanja wa mbio za magari. Watu wote 69 walipona. Mimi nasema hivi: namba isiyo na kipimo chake ubavuni haijawa namba.

KAPTENI: Na yenye kipimo iulizwe imetoka wapi. Januari 8, 2003, ndege ya Beech 1900D ya Air Midwest ilianguka ilipokuwa inaruka kutoka Charlotte, Marekani. Wote 21 walikufa. Kamba ya kuendesha mkia ilikuwa imerekebishwa vibaya, pua haikuweza kuinamishwa vya kutosha. Juu ya hilo, ndege ilizidi uzito na ilikuwa nzito nyuma, ingawa hati ya mzigo ilionyesha kila kitu kiko sawa. Hati ilitumia uzito wa wastani wa abiria uliowekwa miaka mingi nyuma, na abiria wa siku ile hawakuwa wa wastani ule. Mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza abiria wapimwe kwa sampuli, na wastani ukapandishwa.

MWENYEKITI: Umetaja uzito wa nyuma. Tunaomba jambo hilo la kitovu cha uzito lielezwe, maana msomaji anaweza kudhani jumla ikitimia basi yamekwisha.

KAPTENI: Hayajaisha. Kilo ileile ikikaa mbali zaidi na katikati inakuwa na nguvu zaidi, kama mtoto mdogo anayemnyanyua mkubwa kwa kukaa mwisho kabisa wa pembea. Kila ndege ina eneo ambamo kitovu cha uzito kinaruhusiwa kuwa. Kikienda mbele mno, pua inakuwa nzito, unahitaji njia ndefu kuruka, na wakati wa kutua unaweza kuvuta usukani mpaka mwisho na pua isiinuke. Kikienda nyuma mno, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na ndege ikipoteza mbebo wa hewa inaweza isirudi tena katika hali yake. Uzito wa nyuma ndio unaoua haraka.

KIJANA: Naomba nieleze ninavyolifanyia kazi hilo, kwa sababu ni sehemu ya ukurasa ule ninayoipenda. Ninaiweka 172S kwenye Wilson, futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari, joto nyuzi 25, ndege imefika kilo 1,157. Hewa ya joto pale inaifanya ndege ihisi iko futi 8,000. Kwanza inabidi nipunguze mchanganyiko wa mafuta, la sivyo injini inakohoa. Naachia breki. Mshale wa kasi unapanda polepole, mistari ya njia inapita, inapita, na bado sijafika kasi ya kuinua pua. Ninapoinuka, mshale wa kupanda unasimama chini kabisa ya zile futi 730 kwa dakika ambazo kitabu kinaahidi usawa wa bahari. Nikivuta zaidi, kengele ya kupoteza mbebo inalia. Kisha narudi chini, natoa abiria wawili wa nyuma, narudia. Ndege nyingine kabisa.

Jaribio la tatu navunja sheria. Nyuma ya viti mwisho ni kilo 54. Naweka mara mbili yake, abiria wa nyuma wakiwemo, na mbele niko peke yangu. Ukurasa unageuka mwekundu, lakini haunikatazi. Pua inainuka kabla sijaiinua. Nasukuma usukani mbele, inazidi kutaka kupanda. Baada ya dakika chache mikono inatoka jasho, na najua niko kwenye kiti changu nyumbani.

MZEE: Mwenyekiti, naomba kurekebisha nilichosema mwanzo. Nilisema kamstari kale kanafundisha kuamini skrini. Kijana huyu hakuamini skrini. Aliihoji, kisha akangoja ndege imjibu. Wapakiaji wengi wachanga hubeba mabegi miaka bila kujua kwa nini lile begi la mwisho lisisogezwe nyuma. Wangeliona jaribio hili la tatu, wasingebishana tena na msimamizi. Nabaki na hoja yangu kwamba ufungaji hauonekani mle, na kwamba kila namba lazima iwe na mizani nyuma yake. Lakini siwezi tena kusema ukurasa ule ni mapambo.

MWENYEKITI: Kijana, neno la mwisho kwa upande wa upinzani.

KIJANA: Ninapinga bado neno moja tu: “asishike”. Mtoto wa miaka kumi anayefungua simyuleta kwa mara ya kwanza aachwe aruke, aone bahari na milima, apende. Ukimpa hati ya mzigo kabla ya mawingu, utampoteza. Mengine nimeyakubali.

MWENYEKITI: Kapteni?

KAPTENI: Simzuii mtoto huyo. Mada ni kwa anayesema anajifunza kuruka. Siku akilitamka neno hilo, mizani imekuwa yake.

MWENYEKITI: Nimewasikia, na huu ndio uamuzi. Mada inapita, kwa marekebisho matatu.

Kwanza, kila anayejifunza, anapokwenda safari kamili kutoka kiwanja hadi kiwanja, apange uzito mwenyewe kabla ya kuwasha injini. Aandike kwenye karatasi uzito bila mafuta, mafuta, jumla, na kitovu cha uzito. Kila namba iwe na kipimo chake, kilo au pauni, na iwe na chanzo anachoweza kukitaja. Alichopakia na alichoandika kwenye kompyuta ya safari vilinganishwe kwa sauti. Akishaondoka, mafuta hayaguswi. Yakipungua, atafute kiwanja cha karibu kama rubani yeyote.

Pili, mazoezi ya kutua na ya dharura yawe huru. Mafuta yagandishwe, uzito ubadilishwe, ndege irudishwe nyuma. Ila mazoezi hayo yasihesabiwe kuwa safari.

Tatu, na hili limetoka kwa Kijana: mipaka ivunjwe kwa makusudi, mle tu ambamo hakuna anayekufa. Zidisha uzito kwenye uwanja wa juu penye joto, sogeza mzigo nyuma, andika namba isiyo kweli, kisha uone ndege inavyokujibu. Ndege ya kweli hairuhusu somo hili, na waliolipata ndani yake wengi hawakurudi kusimulia.

Mjadala umefungwa.